Mashine Inayokunywa Alkoli

Jumatatu, 5 Mei

Mashine imefika! Mzee Mathieu wa Jette ameileta mwenyewe, kavaa tai, kama anaozesha binti. Injini ya Offenhauser ya mwaka 1952, kaniazima nimalizie masomo. Tumeiweka kwenye gereji ya baba, nyuma ya nyumba. Kuanzia 1947 hadi 1964, kila mwaka, gari lililoshinda mbio kubwa za Indianapolis lilikuwa na injini ya ukoo huu. Na ni silinda nne tu. Nimeishika nikataka kulia. Bon, nimelia kidogo.

Jumanne ijayo professeur anakuja kuipima hapa hapa Anderlecht, Brussels. Isipowaka, mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, imekwenda na maji.

Jumatano, 7 Mei

Baba kaizunguka asubuhi nzima, mikono nyuma. Ndiye huyo fundi Nassoro wa Buyenzi, Bujumbura: haulizi kitu, anazunguka tu mpaka chuma kiseme chenyewe. Leo kashindwa. Gasketi ya kichwa iko wapi? akauliza. Haipo, nikamwambia. Kichwa na bloku vimemiminwa pamoja, chuma kimoja. Gasketi ikiungua mbio zimekwisha, basi walioiunda wakaifuta kabisa.

Akacheka peke yake. "Wavivu wenye akili," akasema. Hiyo ni sifa kubwa kwake. Mimi sijawahi kuipata.

Alhamisi, 8 Mei

Vita. Pipa la mafuta limefika, baba kasoma karatasi yake. Methanol ni nini? Na mimi, mjinga wa mwaka, nikamjibu: ni alkoli. Ningesema dawa ya mashine tungelala salama.

Alhaji mzima, pipa la alkoli uani kwake — na watu wa msikiti wanapita hapo kila siku! Nikamweleza: hii hailevyi mtu, inamuua. Tena injini hii inabana hewa sana, alkoli ndiyo inaipoza. Ukiipa petroli, moto utalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zitatoboka. Akasema Wamarekani wanapenda makuu, kila injini inakunywa petroli ukiisemesha vizuri.

Mama kasema tule kwanza. Tumekula sombe, yaani kisamvu.

Ijumaa, 9 Mei

Baba kaninunia. Kaenda kuswali, karudi anatabasamu. Sipendi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejua alichokuwa anatabasamia. Leo mchana naingia gereji, tangi linanuka petroli. Pipa langu liko pembeni, limefunikwa shuka kama maiti. Na uani viti vimepangwa! Kaalika wanaume wa msikiti waje kusikia mashine ya Amerika, ya halali. Mama anakaanga sambusa.

Nimwambie mbele yao? Kwetu mtoto hamsahihishi baba mbele ya wageni, hata baba akitia chai kwenye injini. Ninyamaze? Basi nimuue mzee Mathieu kwa presha, na mwaka wangu niuzike naye. Donc, baba alipokuwa anapokea salamu getini, nikafungua kifuniko cha magneto inayozalisha umeme, nikatoa rotor, kile kidude kinachogawa umeme kwa plagi, nikafunika tena. Bila hicho haiwaki ng'o.

Sasa niko chooni juu, nimejifungia, naandika. Chini wanaizungusha. Kimya. Wanaizungusha tena. Papa Kadiri, rafiki yake wa tangu Buyenzi, anasema labda inangoja viza. Wanacheka wote. Baba simsikii kucheka. Namwonea huruma, mzee wangu mbele ya watu wake.

Lo. Anaita. Yuko chini ya ngazi, uani kote wanamsikia.

"Tasnim, mwanangu, shuka. Mashine hii mimi siijui. Fundi wake ni wewe."

Neno hilo nimelingoja tangu utotoni. Limekuja leo, na rotor iko mfukoni mwangu. Naandika haraka. Hangoji nishuke, anapanda ngazi kunifuata mwenyewe, na nyuma yake papa Kadiri anasema na wao wanakuja.