Tai wa sebuleni

Mwenzangu, uko wapi? Nimeumbuka leo, nimekwisha!

Binti yangu kaja na kazi ya Kiingereza: eleza maana ya neno "spread-eagle" na asili yake. Nikamwambia ni mtu aliyetandaza mikono na miguu, kama yule tai anayechorwa kwenye ngao za wafalme wa zamani. Hakuelewa.

Unanijua. Nikalala chali katikati ya sebule, mkono huku, mguu kule. Na mlango uko wazi, maana nilikuwa nimetoka kupiga deki!

Mara nasikia, "Hodi!" Baba mkwe! Yule mwalimu mstaafu! Miaka kumi na moja sijawahi hata kukunja nne mbele yake, leo ananikuta nimetandikwa sakafuni kama mkeka!

Binti naye: "Babu, mama ni tai."

Mzee kavaa miwani. Kanizunguka. Kanizunguka, nakwambia!

Kisha kwa sauti ileile ya darasani: "Mkwe, tai wa kwenye ngao hakunji magoti."

Na mimi, badala ya kuinuka nikimbilie chumbani, nikayanyoosha.