Garnitire za Baba Laura

Jumanne, 2/7/2024
Hippolyte amesema tena: pikipiki inauzwa. Binamu yake Fabrice atakuja kuichukua Jumamosi. Mimi sitaki! Hippolyte, mume wangu, ni motari, amebeba abiria miaka kumi na moja. Sasa mkono wake uko kwenye plasta tangu alipoanguka njia ya Nyangwe. Mbuzi alimkatiza, anasema. Sawa, lakini mikono yangu mimi ni mizima. Kuendesha alinifundisha mwenyewe, enzi za uchumba, kwenye uwanja wa shule. Ningekwenda Lusangi kuchukua mafuta yangu ya mawese ya kuuza, bila kumbembeleza mtu.
Anasema freni ya nyuma imekwisha, nani ataitengeneza? Nikasema: mimi. Akacheka kwa pua.

Jumatano, 3/7
Nimenunua garnitire mpya sokoni. Kumbe ni vitu vidogo! Vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, na resori mbili, springi za kuvishikanisha. Ukikanyaga freni vinatanuka, vinabana gurudumu kwa ndani. Miaka yote hii sikujua ni nini kinanisimamisha.

Alhamisi, 4/7
Gurudumu limetoka! Hippolyte alikaa mlangoni akitoa amri — kle ya kumi na saba, geuza nati kushoto, si hivyo! Kila kipande nilikipanga juu ya kitenge, kwa mfuatano.
Garnitire za zamani nimeziangalia sana. Hazina kitu tena. Chuma kitupu, kinang'aa. Nikauliza: baba Laura, siku ile hizi zilikuwa zinakamata kweli? Akakuna plasta. Nikauliza tena, mimi sijui kuacha.
"Ilikuwa mbuzi," akasema, akaingia ndani.
Mbuzi gani? Wa nani? Nimemhurumia mume wangu, nimekasirika pia. Wiki moja kabla nilikaa nyuma yake, Laura wetu katikati!
Mpya zilikataa kuingia. Nikazipaka mawese kidogo. Zikateleza, zikakaa. Safi kabisa.

Ijumaa, 5/7
Aibu!
Nimeshuka mteremko wa kisima, nikakanyaga freni — hakuna. Nikakanyaga tena. Ya mbele niliisahau kabisa. Nikapita juu ya mihogo ya jirani Clémentine, aliyoianika kwenye mkeka, nikasimama kwa visigino vyangu. Clémentine alipiga kelele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kutazama.
Nikafungua upya. Nikanusa. Harufu ya jikoni! Hippolyte akasogea, akanusa naye.
"Mama Laura, ulishaonaka wapi mutu anapaka freni mawese?"
Alicheka mpaka akaushika mkono wa plasta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanguke. Akanieleza: garnitire inakamata kwa kusuguana, ukiipaka mafuta itakamata nini? Nimepaka mawese bawaba, baiskeli, hata kufuli ya kanisa! Kumbe kuna kitu kisichoyataka.
Hizo zimekunywa mafuta, akasema, haziaminiki tena. Akanituma sokoni kutafuta nyingine — yeye, aliyeendesha na chuma kitupu! Nikaosha gurudumu ndani kwa esanse kutoka kwenye tangi, likakauka. Safari hii nilinawa mikono kwanza, ndipo nikafunga mpya.
Nilipokuwa nakaza, akasema bila kuniangalia:
"Mbuzi haikukuwa."
Akaongeza kwamba anaogopa kupanda. Si mkono tu. Nilikaza tu, machozi yakinitoka.

Jumamosi, 6/7
Nimeshuka mteremko mara tatu tangu alfajiri. Nasimama ninapotaka! Clémentine ameiondoa mihogo yake hata hivyo.
Fabrice amefika. Amezunguka pikipiki, amekanyaga freni, ameniuliza: "Shemeki, fundi gani alitengeneza hii? Iko muzuri!" Hippolyte akamwambia angoje, kuna mtu wa kuijaribu kwanza. Nani? Mimi, akasema. Mimi na mama Laura.
Naandika haraka, nimeshakaa kwenye pikipiki, daftari juu ya tangi. Fabrice anatukodolea macho. Hippolyte ametoka na viatu miguuni. Amesimama kando yangu, anakiangalia kiti cha nyuma, anauangalia mkono wake mmoja mzima. Miaka kumi na moja, hajawahi kukaa pale.
Ananiuliza polepole, Fabrice asisikie:
"Mama Laura, abiria anakamataka wapi?"