Jumamosi Yao, Jumapili Yetu

Ainabkoi,
Jumapili, 12 Machi 1967

Kwa ndugu yangu Kiprotich,

Huku mvua imeanza, na mtihanini nimekuwa wa pili.

Tangu Baba anunue shamba hili la mzungu, hakuna Jumapili tuliyopumzika. Lori la maziwa hupita saa nne, wakati wa ibada, na lazima tukamue, kisha tusubiri lori barabarani na mikebe ya maziwa. Hatukukuandikia, lakini mwezi uliopita Mama alianguka zizini kwa uchovu.

Unajua mimi siongei mbele ya wazee. Lakini jirani yetu Mkikuyu, Mzee Ephantus, ni Msabato, na Jumamosi lori humsumbua vilevile. Ijumaa alipokuja kuazima jembe, nikasema, "Mzee, tuwakamulie Jumamosi, nanyi mtukamulie Jumapili."

Baba akacheka. "Ephantus, ng'ombe zangu hazijui Kikuyu!"

"Zitajifunza," Mzee akajibu. "Zangu nilizonunua kwa mzungu zimeshasahau Kiingereza!"

Wakapeana mikono. Jana mimi na Baba tulikamua kwao, na mikebe yote ikapata lori.

Leo Mama alivaa viatu vyake vya harusi ya shangazi, tukaenda kanisani sote. Katikati ya wimbo tukasikia lori likipanda mlima. Baba akainuka nusu. Mama akamshika koti. Lori likasimama, mikebe ikagongana, likaondoka. Baba akaketi, akaimba kuwashinda wote.

Sasa Mama amelala kitini, viatu bado miguuni. Hakuna anayemwamsha.

Dada yako aliyethubutu kusema,
Jepkemboi