Mama Riziki kwenye Picha ya Mkutano

Kamenge, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Kuna sauti imegoma kunitoka masikioni: ya utepe wa gundi ukivutwa kwa nguvu, ule wa kufungia maboksi. Niliisikia ndani ya depo moja, ghala la mizigo hapa Kamenge, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akifunga chochote. Ilitoka nyuma ya magunia ya ndagala, dagaa wa huku, kwenye katoni iliyotobolewa matundu. Nikachungulia. Alikuwa kasuku wa kijivu, na wenzake wamebanana naye. Alikuwa amesikia utepe ukivutwa mara nyingi hata akajifunza kuuiga.

Shikamoo, Mama. Nisamehe nimeanza na kasuku kabla ya kukuamkia. Goti linaendeleaje? Mvua imefika huko Mpanda, au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili ni mzima. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti yangu ukaniambia nirudi kabla sijamaliza kueleza.

Aliyenipeleka depo ni Mama Riziki, jirani yangu, Mkongomani aliyekimbia vita. Anauza ndagala sokoni na magunia yake huyalaza humo. Aliona kasuku wakiingizwa, na kwa kuwa anajua kazi yangu, akaniita nijionee. Wewe pia unaijua: natafsiri Kifaransa na Kiswahili kwenye muungano wa vikundi vya mazingira vya nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Ndege huibwa kwenye misitu ya Kongo, hupitishwa hapa, huuzwa mbali. Kikundi cha nchi moja hakiwezi kitu peke yake.

Mwezi uliopita vikundi vyote vilikutana hapa mjini. Mama Riziki alikubali kuja kueleza kwa sharti moja, jina lake lisitajwe. Halikutajwa. Aliongea, nikatafsiri, watu wakaandika. Lakini mikutano yetu haiishi mpaka ipigwe picha ya familia, wote ngazini, wakubwa katikati. Mama Riziki alikuwa keshaanza kwenda zake, mwenyekiti wetu akamwita:

“Mama, unakimbia wapi? We pia ni familia!”

Wakamsimamisha mbele, eti kitenge chake kitaipendezesha picha. Nilicheka pamoja nao. Kabla jua halijazama, picha ilikuwa kwenye kurasa za vikundi vyote mtandaoni, na shukrani kwa “mama jasiri aliyetufumbua macho”.

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja kuchukua gunia. Mwenye depo akamwonyesha simu yake huku anacheka.

“Mama Riziki, umekuwa staa! Nani alikualika kwa wakubwa?”

“Baliniita kupika, patron.”

“Aa. Siku hizi mupishi anasimama mbele?”

“Kama chakula kilikuwa kitamu, mbona asisimame?”

Akacheka tena. Macho yake hayakucheka.

Tangu hapo kuna pikipiki inasimama ng'ambo ya lango letu. Mwenyewe habebi abiria. Mama Riziki ameacha kwenda depo, wanawe hawaendi shule. Mimi lango likigongwa, nasimama katikati ya chumba, nisijue naogopa kufungua au naogopa kutofungua.

Picha imefutwa, lakini watu walikwisha kutumiana. Mwenyekiti anasema kesi ya kasuku haitasonga bila shahidi mwenye jina, akaniomba nimshawishi Mama Riziki. Nilimkuta anachambua maharage. Hakuinua uso.

“Apana, dada. Mi niko mukimbizi. Nilishakimbia mara moja. Sasa nikimbilie wapi, mu ziwa?”

Nilirudi chumbani na swali nililokuwa nimelikwepa siku zote hizo. Kwani mimi sikuwaona kasuku wale kwa macho yangu?

Nisalimie mjomba, anayeniombea kanisani kila Jumapili. Mwambie asipunguze. Shangazi fundi cherehani mwambie gauni lake bado linanikaa vizuri, ingawa nimekonda. Mdogo wangu wa mwisho asiache hesabu.

Nimebakiza jambo moja, Mama, na nimelisogeza mwisho kwa woga. Jana asubuhi nilikwenda kwa mwendesha mashtaka, nikatoa ushahidi kwa jina langu kamili, nikaweka sahihi. Lakini faili litakaa, na Mama Riziki hawezi kungoja faili. Basi nikaenda moja kwa moja depo. Mwenye depo alikuwa mlangoni anakunywa chai.

“Kasuku niliwaona mimi,” nikamwambia. “Aliyepeleka habari ni mimi. Nimetoka kuweka sahihi sasa hivi.”

Hakukasirika. Alimaliza chai yake, akaniuliza kwa upole kwetu ni wapi.

Nikamwambia Mpanda, Mama.

Mwanao akupendaye,
Tabitha