Somo la Panya Bila Wewe

Mpenzi wangu Baba Neema,

Leo nimefundisha somo la panya bila wewe. Tangu tukuzike nilikuwa nalikwepa, nachora panya ubaoni kwa chaki, watoto wananakili huku wanasinzia. Niliogopa kwamba nikijaribu peke yangu nitashindwa, na hapo kazi yako shuleni kwetu itakuwa imezikwa nawe.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa unachunguza afya ya panya wa vihamba, haya mashamba ya migomba ya hapa Machame, viroboto na magonjwa wanayobeba. Siku moja ukachungulia andalio langu la somo, ukacheka mpaka nikanuna. "Mama Neema," ukasema, "panya wenu hata hapumui. Waache watoto wamwone akihema." Wiki iliyofuata ukaja darasani na mtego, glavu na mfuko wako wa kitambaa wa kumpimia uzito.

Na lile balaa la masale! Umekuja na elimu yako yote kutoka Morogoro, unachomeka tawi la isale kila penye mtego usije ukasahau ulipotega. Ungechomeka kijiti chochote, lakini wapi. Mzee jirani akaamka akakuta mpaka mpya katikati ya migomba yake, maana huku isale ndiyo mpaka wa shamba. Akaja kwangu kwa hasira, anasema mume wangu anamnyang'anya kihamba. Ikabidi mimi, binti wa Rombo ninayejua mila za isale, nikufungie jani lake fundo, ishara ya kuomba radhi, nikutume ukamwombe msamaha kwa isale ile ile. Akalipokea, akakumiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, na kijiji kizima kikakucheka mwaka mzima.

Jana nilitega mwenyewe kwa huyo huyo mzee, kwa ndizi mbivu na dagaa kama ulivyozoea. Asubuhi panya yumo. Glavu zako zinanipwaya, lakini nilimpima, nikapuliza manyoya, viroboto wakaonekana. Hakuna aliyesinzia. Nilifurahi, mume wangu, nilifurahi kweli kweli.

Kisha binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, panya akiumwa, wenzake wanajua?"

Mdomo ukanitangulia kama miaka yote: "Nitauliza nyumbani, kesho nitawaambia."

Wale watoto walikuja msibani kwako. Binti akainama, akasema basi mwalimu, si lazima.

Nimerudi nikapika mtori, ile supu ya ndizi, nikaufunika nikauacha jikoni. Neema yuko Dodoma, anapiga simu Jumapili, na leo si Jumapili. Nina upweke, Baba Neema, sikufichi. Naongea na kuku.

Basi somo lako lipo, usiwe na wasiwasi nalo. Swali la yule binti nimekuandikia kwa sababu niliwaahidi kuuliza nyumbani. Nimeuliza. Kesho nitawaambia sijui, tutafute wote.

Pumzika, mpenzi.

Mkeo,
Mama Neema