Jina Kwenye Sahani ya Mchele

Pune, Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Nakugusa miguu kutoka huku mbali, na shikamoo juu yake. Goti linaendeleaje? Na majirani hapo Satara, bado wanakuja kulisoma gazeti lako kabla yako? Sisi wazima. Mama hajambo, kazi yake ni kuzunguka maduka ya sari na kuniambia kila rangi ninayoipenda inanizeesha.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Filamu yangu fupi imekwisha. Haina wimbo wala ngumi. Niliwakalisha wanawake wa mtaani mmoja mmoja mbele ya sahani ya mchele, kama ile ambayo bwana harusi humwandikia mkewe jina jipya kwa pete, nikawaomba waandike kwa kidole jina walilotoka nalo kwa baba zao.

Unajua kwa nini. Harusi ni mwezi ujao, nawe umeshakubaliana na wakwe kwamba niitwe Sharvari. Mchumba wangu Hrishikesh nampenda, sikufichi. Lakini mimi ni Vaijayanti tangu nizaliwe, na niliapa moyoni kwamba pete ikiandika jina jingine, naondoka na sari yangu ya harusi mwilini.

Mama mkwe alipata habari akaja mwenyewe, mikono kiunoni. Alisema huo ni upuuzi wa watu waliosoma wakakosa kazi. Nikamwomba basi akae, awaoneshe wenzake upuuzi unavyofanywa vizuri. Akakaa. Akaandika Godavari, harakaharaka. Baba mkwe, aliyekuwa amemfuata nyuma, alichungulia begani kwake akauliza huyo Godavari ni nani. Tulicheka mpaka kamera ikatikisika. Mama mkwe alimjibu kwamba ni msichana mmoja aliyewashinda kaka zake kuogelea, na asingemtazama mwanamume kama yeye mara mbili. Lakini macho yalikuwa yamemlowa.

Mchele ule ulikuwa uwe chakula chetu cha mchana. Mpishi alipokuja na sufuria, mama mkwe aliikumbatia sahani. “Haupikwi huu! Anayetaka wali akapike wa kwao!” Tukashindia mikate na viazi vya kukaanga. Jioni alimwambia mwanawe kwamba siku ya harusi ataandika Vaijayanti, na asiyependa akale kwa jirani. Hrishikesh alitabasamu kama aliyeondolewa mzigo.

Kwa hiyo Sharvari hayupo tena, Baba. Nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza, naiomba sasa.

Kuna jambo jingine nimelizungusha tangu mwanzo. Mwanamke wa mwisho kwenye filamu ni Mama. Hakuna aliyemwomba. Aliweka chini mifuko ya sari, akakaa, akaandika polepole jina ambalo mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kulisikia. Nikamuuliza kama wewe unalijua. Akasema ulilijua siku ya posa, kabla hujaandika jingine kwa pete yako.

Amenikataza kuliandika hapa. Filamu itaoneshwa Jumamosi, naye atakupokea kituo cha basi. Anasema atakupa mgongo, na hatageuka mpaka umwite kwa jina hilo.

Nisalimie majirani wote. Siwezi kukusaidia, Baba. Fikiria sana ndani ya basi.

Mwanao akupendaye,
Vaijayanti