Nusu Iliyobaki Kikombeni

Chelangat, rafiki yangu,

Jana nilifika kwenu. Wewe unajua neno hilo, kufika, lina uzito gani kwangu.

Barua ya nyumbani ilinikuta chuoni ukiwa umeshazikwa. Homa tu, waliandika. Kisha chuo kikafungwa kwa sababu ya mgomo, nikarudi nyumbani Merigi, na nikawa nashindwa kuja kumpa mama yako pole. Nilikuwa nafika kituo cha kupimia majani ya chai, nageuka. Siku nyingine nafika langoni kwenu kabisa. Nageuka.

Unamkumbuka yule Mgiriki wa kale wa mwalimu wetu wa hisabati? Kabla ya kufika popote lazima ufike nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo, na nusu haziishi, kwa hiyo hakuna anayefika. Mimi nilikosa usingizi. Wewe ulicheka: "Wee, afukuzwe na dume la kwetu tuone kama hatafika!"

Tukamjaribu kwa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu cha mama yako. Kikombe kimoja, wewe nusu, mimi nusu ya iliyobaki, wewe tena, mpaka tukawa tunasukumana kwa ajili ya tone. Mama yako akapiga kelele, "Nyinyi wasichana, nipeni kikombe changu nioshe!"

Chuoni wanazo hesabu za kumjibu: nusu zote ukizijumlisha zinakuwa kitu kimoja kizima. Nimezielewa. Hazikunisaidia langoni.

Jana miguu ilipita tu, sijui vipi. Mama yako alikuwa akichuma chai karibu na nyumba. Hakulia. Alitua kikapu, akaingia ndani, akatoa kile kibuyu alichokuwa akikuwekea ukitoka shule. Chelangat, hajaacha kukitia maziwa. Akanimiminia.

Nilikunywa nusu. Nikanywa nusu ya iliyobaki. Halafu mkono ukakataa, kwa sababu iliyobaki ilikuwa yako. Kikombe kikakaa mezani kati yetu, kuku wakaingia na kutoka.

Mwishowe mama yako alikichukua, akanywa yote, akakiinamisha kuona kama kuna tone.

"Haya," akasema, "sasa nioshe kikombe changu."

Nilikiosha mimi.

Pumzika, rafiki yangu. Kila nitakaporudi nyumbani nitapita kwenu kwanza, na nitakunywa mpaka chini.

Wako,
Chepng'eno